Kutoka Karlshorst hadi Nürnberg: siku kwa siku katika majengo yaliyoamua hatima ya Ujerumani

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea nyumbani, kwa msaada wa daftari langu la safari na picha nilizopiga. Nilikwenda Ujerumani Mei 2024 kwa nia moja tu: kuingia katika majengo ambamo washindi wa Vita Kuu ya Pili waliamua nini kifanyike kwa nchi iliyojisalimisha kwao. Vita vyenyewe vimeandikwa sana kwa Kiswahili na kufundishwa shuleni, lakini miezi iliyofuata baada ya bunduki kunyamaza hupitwa kwa aya moja, ilhali ndiyo miezi iliyoigawa Ulaya kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa msomaji ambaye hajaifuatilia habari hii, inafaa aanzie Casablanca, Morocco. Tarehe 24 Januari 1943 Rais Roosevelt wa Marekani, akiwa na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba Ujerumani, Italia na Japani hazitapewa nafasi nyingine isipokuwa kujisalimisha bila masharti. Kumbukumbu ya 1918, Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha, ilichangia sana uamuzi huo. Matokeo ya 1918 sisi wa Tanganyika tunayajua vizuri, kwa kuwa Mkataba wa Versailles wa 1919 ndio uliomnyang'anya Mjerumani makoloni yake. Ndani ya Ujerumani, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti: jeshi lilirudi nyumbani bila ya nchi nzima kukaliwa na adui, na wanasiasa wakapata mwanya wa kuwaaminisha wananchi kwamba jeshi lao halikushindwa vitani bali lilisalitiwa na raia. Safari hii washindi walitaka kila Mjerumani aone kwa macho yake kwamba ameshindwa.

Jumanne, 14 Mei: Karlshorst, mashariki ya Berlin

Nilifika Berlin usiku wa kuamkia siku hiyo na kupokelewa na dada mmoja Mtanzania anayesoma chuo kikuu huko, ambaye alinipa chumba na ufunguo na kukataa katakata kupokea hata senti. Asubuhi nilipanda treni ya mjini ya S3 hadi kituo cha Karlshorst, kisha nikatembea kama robo saa katika mitaa yenye miti mirefu hadi kwenye jengo ambalo, kwa nje, ungelidhania ni ofisi ya halmashauri. Lilijengwa kuwa bwalo la maofisa wa shule ya wahandisi wa kijeshi, na leo ni makumbusho. Kiingilio ni bure, na Jumatatu hufungwa.

Ukumbi wenyewe hauna makuu. Meza ndefu zimefunikwa vitambaa, bendera za mataifa manne ziko ukutani, na kando iko meza ndogo ya wajumbe wa Ujerumani, iliyotengwa na nyingine zote. Hapo, muda mfupi baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1945, Keitel alitia saini kwa niaba ya jeshi la nchi kavu na kamandi kuu, von Friedeburg kwa niaba ya jeshi la majini, na Stumpff kwa niaba ya jeshi la anga, mbele ya Zhukov wa Umoja wa Kisovieti na Tedder wa Uingereza, huku Spaatz wa Marekani na de Lattre de Tassigny wa Ufaransa wakishuhudia. Ilikuwa ni mara ya pili. Alfajiri ya tarehe 7 Mei Jenerali Jodl wa Ujerumani alikuwa amekwisha kutia saini mjini Reims, Ufaransa, lakini Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alishikilia kwamba tendo hilo lirudiwe Berlin, katika mji ambao askari wake waliuteka kwa damu, na lifanywe na wakuu wa majeshi wenyewe.

Mlinzi mmoja wa ukumbi, mama wa makamo, aliona nimesimama muda mrefu nikiisoma nakala ya hati hiyo, akaniletea kiti cha kukunja bila kuombwa. Nilichokuwa nikikisoma ni kifungu cha nne. Kinasema kwamba hati hii ya kijeshi haizuii hati nyingine ya jumla ya kujisalimisha, itakayowekwa na Umoja wa Mataifa (wakati huo jina la nchi zilizopigana pamoja vitani) dhidi ya Ujerumani, kuchukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba usiku ule majeshi ndiyo yaliyojisalimisha, wala hapakuwa na serikali iliyotia saini chochote, na siasa yote ya baadaye iliachwa wazi. Serikali ya Admirali Dönitz, aliyemrithi Hitler, iliyokuwa Flensburg ilikamatwa tarehe 23 Mei. Tarehe 5 Juni makamanda wanne wakatangaza kwamba mataifa yao yanachukua mamlaka yote ya juu ya Ujerumani, kuanzia serikali kuu hadi halmashauri za vijiji. Tangu siku hiyo mkate wa Mjerumani, shule yake na maji ya bomba lake yakawa ni wajibu wa Washington, London, Moscow na Paris. Naona jambo hili halijapewa uzito unaostahili: kudai kujisalimisha bila masharti ni kukubali pia kubeba nchi nzima mabegani.

Jengo hilo lilibaki kuwa makao makuu ya utawala wa kijeshi wa Kisovieti, na ni humo, Oktoba 1949, ambamo Jenerali Chuikov alikabidhi kazi za utawala kwa serikali mpya ya Ujerumani Mashariki.

Kwa atakayefuata njia hii: nilisafiri kwa tikiti ya mwezi ya nchi nzima, ambayo wakati ule iliuzwa euro 49 na tangu hapo imepanda. Inakubalika kwenye mabasi, tramu na treni zote za mikoani, ila siyo kwenye treni za mwendo kasi. Ni ya kujiunga, na usipoisitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi utakatwa fedha za mwezi unaofuata.

Jumatano, 15 Mei: Potsdam na Griebnitzsee

Njia ya reli ilikuwa na matengenezo, kwa hiyo tulishushwa katikati ya safari na kuhamishiwa kwenye mabasi, na safari ya dakika 40 ikachukua karibu saa mbili. Kijana mmoja aliyekuwa akienda kazini alinisikia nikiuliza, akatembea nami hadi kwenye kituo sahihi cha basi, kisha akaniandikia kwenye karatasi jina la mahali pa kushukia. Asiyekuwa na tikiti ya mwezi akumbuke kwamba Potsdam iko kanda C, na tikiti ya kanda A, B na C ilikuwa euro 4.40 kwa safari moja.

Basi la 603 linafika karibu kabisa na Cecilienhof, jumba lililojengwa kati ya 1914 na 1917 kwa ajili ya mwana wa mfalme wa Prussia na mkewe Cecilie, kwa mtindo wa nyumba za Kiingereza za kale, lenye vyumba 176. Berlin ilikuwa kifusi, na ndiyo maana mkutano wa wakuu wa Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti ukaletwa hapa. Uani bado kuna nyota kubwa ya maua mekundu, mfano wa ile ambayo Warusi waliipanda mwaka 1945 ili kila mgeni aingiapo ajue mwenyeji ni nani.

Katika ukumbi mkubwa ipo meza ya duara yenye kipenyo cha mita tatu hivi, iliyotengenezwa Moscow. Nilizunguka kamba iliyoizingira na kupiga picha kutoka kila pembe, kwa sababu duara lile lilikuwa ni diplomasia yenyewe: hakuna anayekaa kichwani. Waliokaa hapo kuanzia tarehe 17 Julai hadi 2 Agosti 1945 hawakuwa wale wa mkutano wa awali wa Yalta, Crimea. Roosevelt alikuwa amefariki Aprili na nafasi yake ameichukua Truman. Churchill aliondoka tarehe 25 Julai kwenda kusikiliza matokeo ya uchaguzi wa nchi yake, akashindwa, na aliyerudi tarehe 28 ni Attlee, waziri mkuu mpya. Katika wakuu watatu waliokutana Yalta mwezi Februari, aliyefika mwisho wa mkutano wa Potsdam ni Stalin peke yake. Ufaransa, iliyokwisha kupewa kanda yake (Ujerumani iligawanywa kanda nne, kila mshindi akitawala yake), haikualikwa kabisa, na baadaye ikatumia kura yake katika baraza la pamoja la washindi kuzuia kuundwa kwa idara zozote za pamoja za Ujerumani.

Makubaliano yalikuwa na sura mbili zilizopingana. Kwa upande mmoja Ujerumani ilipaswa kunyang'anywa silaha, kusafishwa unazi, kupunguziwa madaraka ya kati na kuelekezwa kwenye demokrasia, huku ikihesabiwa kuwa uchumi mmoja. Kwa upande mwingine, katika fidia za vita, kila dola ilikubaliwa kuchukua kutoka katika kanda yake yenyewe. Yalta walikuwa wametaja dola bilioni 20, nusu yake kwa Umoja wa Kisovieti, kama msingi wa mazungumzo. Potsdam Wamarekani walikataa kutaja kiasi. Badala yake Moscow iliahidiwa asilimia 15 ya mitambo isiyohitajika katika kanda za magharibi kwa kubadilishana na chakula, makaa ya mawe na bidhaa nyingine, na asilimia 10 zaidi bila malipo. Nchi ambayo fidia zake zinakusanywa kanda kwa kanda haiwezi kubaki uchumi mmoja, na nikiwa nimesimama mbele ya meza ile nilisikitika kwamba watu werevu kiasi kile waliandika mambo mawili yasiyokaa pamoja katika hati moja. Humo humo waliiweka ardhi ya mashariki ya mito Oder na Neisse chini ya utawala wa Poland na kuagiza kwamba Wajerumani wa Poland, Czechoslovakia na Hungary wahamishwe kwa utaratibu na kwa utu. Mamilioni walihamishwa, na kwa wengi wao utu haukuonekana.

Chakula cha mchana kilikuwa asparaga nyeupe na viazi kwa siagi, kwani Mei ndiyo msimu wake na eneo la Beelitz, jirani na hapo, lina sifa kwa zao hilo. Nililipa karibu euro 18, bei ambayo sikuirudia tena safari nzima.

Alasiri nilikwenda Griebnitzsee, walikolala viongozi hao. Nyumba ya Stalin na ya Truman ziko kwenye mtaa ambao leo unaitwa Karl-Marx-Straße, na ya Churchill iko Virchowstraße, mwendo mfupi kwa miguu. Truman akiwa huku ndipo alipopata habari kwamba bomu la atomiki lililojaribiwa tarehe 16 Julai limefanya kazi, na tarehe 26 Julai likatolewa Tangazo la Potsdam kuitaka Japani ijisalimishe. Mbele ya nyumba hiyo sasa kuna uwanja mdogo wenye kumbukumbu ya Hiroshima na Nagasaki. Japani nayo ilishindwa, lakini ilitendewa tofauti: mfalme wake alibakizwa na serikali yake ikaendelea kufanya kazi chini ya Jenerali MacArthur wa Marekani, ilhali Ujerumani haikuachiwa serikali yoyote.

Angalizo: jumba la Cecilienhof lilifungwa mwishoni mwa 2024 kwa ukarabati mkubwa wa miaka kadhaa, hivyo hakikisha limefunguliwa kabla ya kupanga safari. Nyumba za Griebnitzsee huonekana kwa nje tu.

Alhamisi, 16 Mei: Kleistpark na Dahlem

Asubuhi nilikwenda Kleistpark, kwenye jengo kubwa la mahakama ambamo Baraza la Udhibiti la mataifa manne lilifanya vikao vyake. Huwezi kuzunguka ndani kwa sababu bado ni mahakama, lakini bustani iko wazi kwa wote. Katika jengo hili watu walioshiriki njama ya kumwua Hitler Julai 1944 walihukumiwa na hakimu wa Kinazi, na katika jengo hilihili, tarehe 18 Oktoba 1945, Mahakama ya Kimataifa ya Kijeshi ilifungua kikao chake cha kwanza na kupokea hati ya mashtaka. Baraza lilifuta dola ya Prussia Februari 1947, na tarehe 20 Machi 1948 wajumbe wa Kisovieti wakatoka kikaoni wasirudi tena. Miezi mitatu baadaye ukaja uzuiaji wa Berlin, Warusi walipofunga njia za kuingia sehemu za magharibi za mji.

Alasiri nilikuwa Dahlem, katika Makumbusho ya Washirika, ambayo pia hayatozi kiingilio. Uani kuna ndege ya Kiingereza aina ya Hastings iliyokuwa ikibeba shehena wakati wa uzuiaji, na kibanda cha walinzi kilichokuwa Checkpoint Charlie, kituo cha kuvukia kati ya Berlin Magharibi na Mashariki. Nilikaa hapo hadi saa za kufunga, kwa kuwa hapo ndipo sera ya Marekani inapoonekana ikibadilika mwaka hadi mwaka. Septemba 1944, huko Québec, Roosevelt na Churchill waliweka saini za kifupi kwenye waraka uliotokana na mawazo ya Morgenthau, Waziri wa Fedha wa Marekani, uliotaka Ujerumani iwe nchi ya kilimo na ufugaji. Wazo hilo liliachwa mapema, lakini ukali wake ulibaki katika agizo la kijeshi namba JCS 1067, lililomkataza kamanda kuchukua hatua za kuufufua uchumi zaidi ya kile kilichohitajika kuzuia njaa na maradhi yatakayowadhuru askari wake. Askari walikatazwa hata kuzungumza na raia, ingawa Juni 1945 marufuku hiyo ililegezwa kwa watoto wadogo, kwa sababu hakuna jenerali aliyeweza kuwazuia vijana wake kuwapa watoto chokoleti.

Njaa ndiyo iliyobadili mawazo ya wakubwa. Machi 1946 mgawo wa chakula katika kanda ya Uingereza ulishushwa hadi takriban kalori 1,000 kwa siku. Julai mwaka huo Uingereza ikaanza kugawa mkate kwa vipimo nyumbani kwake yenyewe, jambo ambalo haikulifanya hata vita vilipokuwa vikali, na sababu mojawapo ni nafaka iliyopelekwa Ujerumani. Mlipa kodi wa London alikuwa akipunguziwa mkate ili adui wa jana ale. Mei 1946 Jenerali Clay alisimamisha usafirishaji wa mitambo ya fidia kutoka kanda ya Marekani, Septemba Byrnes, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akawaahidi Wajerumani, akiwa Stuttgart, kwamba watarudishiwa serikali yao, na Julai 1947 agizo la JCS 1067 likafutwa.

Jioni mwenyeji wangu alipika wali na maharage ya nazi, baada ya kuzunguka maduka mawili ya Waasia kutafuta tui la kopo. Tulizungumza hadi usiku wa manane, na yeye ndiye aliyenishauri nisiache kwenda Torgau.

Ijumaa, 17 Mei: Torgau

Nilitoka kwa treni ya mikoani hadi Falkenberg na kubadili hapo. Treni ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaniacha, nikakaa saa nzima kwenye kituo kisicho na kibanda cha chai. Beba maji na kitu cha kutafuna.

Torgau ni mji mdogo juu ya mto Elbe, wenye ngome ya kale iitwayo Hartenfels. Hapa tarehe 25 Aprili 1945 Wamarekani wa Divisheni ya 69 walikutana na Warusi wa Divisheni ya 58 ya Walinzi, na Ujerumani ikakatwa vipande viwili. Kando ya mto upo mnara wa Kisovieti. Mzee mmoja aliyekuwa ameegesha baiskeli yake alinionyesha palipokuwa daraja la zamani, lililobomolewa mwaka 1994, na akanieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba ile picha mashuhuri ya askari wakishikana mikono ilipangwa kesho yake, tarehe 26. Alinimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, tukanywa kwa kupokezana kikombe kimoja.

Ninaitaja Torgau kwa sababu ya kilichofuata. Mipaka ya kanda ilikuwa imekwisha kuchorwa London mwaka 1944, kabla Wamarekani hawajavuka Rhine. Vita vilipokwisha majeshi yao yalikuwa yamekwenda mbali sana ndani ya kanda ya Kisovieti, na Leipzig ilikuwa mikononi mwao. Churchill alimsihi Truman asiyarudishe nyuma mpaka kwanza Stalin atoe kitu. Truman alikataa, akisema makubaliano ni makubaliano, na mwanzoni mwa Julai Wamarekani wakaondoka Saxony na Thuringia, nao Wamagharibi wakaingia katika sehemu zao za Berlin. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi naona alifanya sawa, kwa kuwa karatasi ileile iliyompa Stalin Leipzig ndiyo iliyokuwa hoja ya Truman ya kuwapo Berlin, na mwaka 1948 hakuwa na hoja nyingine yenye nguvu kuliko hiyo.

Jumamosi na Jumapili, 18 na 19 Mei: Nürnberg

Kwa treni za mikoani, kupitia Saalfeld na Bamberg, Jumamosi nzima iliishia njiani. Nürnberg ina sifa ya soseji ndogo za kuchoma, ila ni za nguruwe. Msomaji Mwislamu atapata kababu za Kituruki karibu na kituo kwa euro saba hivi. Jumapili maduka hufungwa, hivyo nunua mahitaji mapema.

Jumba la mahakama liko karibu na kituo cha Bärenschanze, njia ya U1, na kiingilio pamoja na kifaa cha maelezo hakifiki euro kumi. Jumanne hufungwa. Chumba namba 600 ni kidogo kuliko kinavyoonekana katika filamu za habari, na mbao zake nyeusi za ukutani zingalipo. Hapa, kuanzia tarehe 20 Novemba 1945 hadi 1 Oktoba 1946, viongozi wa Kinazi walishtakiwa. Washtakiwa 12 walihukumiwa kunyongwa, saba wakafungwa, watatu wakaachiwa huru. Keitel wa Karlshorst na Jodl wa Reims walikuwa miongoni mwa waliokufa. Kalamu waliyoishika Mei 1945 haikuwapa ahueni yoyote. Mawakili walipewa nafasi ya kutetea, na kuachiwa kwa wale watatu kunaonyesha kwamba hukumu haikuandikwa kabla ya kesi. Lakini washindi walijilinda pia: Warusi waliingiza mauaji ya maofisa wa Poland huko Katyn, waliyoyafanya wao wenyewe, katika mashtaka dhidi ya Wajerumani, nayo hukumu ikayapita kimya, na hakuna tendo la mshindi yeyote lililofikishwa hapo.

Wageni wengi huishia kwenye kesi hiyo kubwa. Nakushauri ubakize saa moja kwa ajili ya sehemu inayohusu kesi 12 zilizoendeshwa na Wamarekani peke yao katika jengo hilohilo kati ya 1946 na 1949, dhidi ya madaktari, majaji, majenerali na wenye viwanda, akiwamo Alfried Krupp. Mapema 1951 McCloy, Kamishna Mkuu wa Marekani, aliwapunguzia wengi wao adhabu, na Krupp akatoka gerezani na kurudishiwa mali yake. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza, na Ulaya Magharibi ilihitaji chuma na askari. Mei 1955, miaka kumi baada ya Karlshorst, Ujerumani Magharibi iliingia NATO na kuruhusiwa kuunda upya jeshi ambalo Potsdam ilikuwa imelifuta.